Bakteria mrefu kuliko chura: Jicho si kipimo cha uhai

Shuleni tulifundishwa kwamba bakteria ni kiumbe mdogo asiyeweza kuonekana bila darubini. Vitabu viliandika hivyo, mitihani ikauliza hivyo, na mwanafunzi aliyejibu hivyo akapewa alama zake. Siku hizi jibu hilo lina walakini. Katika mikoko ya kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibiani, yuko bakteria anayeonekana kwa macho matupu. Urefu wake ni sentimita moja hivi, karibu sawa na ukope wa jicho, na wakubwa wao hufika sentimita mbili. Kule Papua New Guinea wapo vyura ambao wakishakuwa wazima wana milimita 7.7 tu. Kwa hiyo yupo bakteria, kiumbe wa seli moja, anayemzidi urefu chura mwenye mifupa, moyo na macho mawili.

Msomaji anaweza kuniuliza, haya ya Karibiani yanatuhusu nini sisi wa Pwani? Yanatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, sisi pia tuna mikoko, na tunaikata. Pili, kila mara kipindupindu kinapozuka, utamsikia mtu akiinua gilasi ya maji na kusema, "Mbona haya ni masafi?" Mambo yote mawili yana mzizi mmoja. Tumezoea kulipima jambo kwa jicho, na kile ambacho jicho halikioni tunakihesabu kuwa hakipo.

Tupime kwanza

Mtu wa kwanza kuandika kwamba amewaona bakteria alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft, katika miaka ya 1670. Hakuwa daktari wala msomi wa chuo. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na wauza vitambaa wa enzi zake walitumia lenzi kukagua nyuzi. Yeye alizidi kuzisaga lenzi zake mpaka zikawa na nguvu kuliko za wenzake, kisha akaanza kuangalia maji, na baadaye hata utando wa meno yake mwenyewe. Akakuta viumbe vinatembea.

Ili tuelewane, tuchukue kipimo kimoja. Ukiigawa milimita moja mara elfu, kila sehemu ni mikromita moja. Unywele wa kichwa una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Jicho zuri likijitahidi sana huona kitu cha mikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Bakteria wa kawaida ana urefu wa mikromita moja hadi tano. Ndiyo maana hatumwoni.

Sasa mlinganishe bakteria wa kawaida, wa mikromita mbili, na yule wa Guadeloupe wa sentimita moja. Mmoja amemzidi mwenzake mara 5,000. Kama mtu wa kimo cha mita 1.7 angekutana na binadamu aliyemzidi kwa kiwango hicho, angekuwa anatazama mtu wa mita 8,500. Kichwa chake kingekipita kilele cha Kilimanjaro kwa zaidi ya kilomita mbili na nusu.

Kwa nini wengi ni wadogo?

Mpika mahamri analijua jibu ingawa hajaliita sayansi. Donge nene likitumbukizwa kwenye mafuta ya moto huiva nje haraka, na ndani likabaki unga mbichi. Moto huingia kwa kupitia juu, na donge likiwa nene, safari ya kufika katikati huwa ndefu.

Bakteria naye hana mdomo, hana tumbo, hana mishipa ya damu. Chakula huingia kupitia ngozi yake na taka hutoka kwa njia hiyo hiyo. Fikiria boksi lenye upande wa sentimita moja. Ngozi yake ni sentimita sita za mraba, na ndani mna sentimita moja ya ujazo ya kulishwa. Lifanye boksi hilo liwe na upande wa sentimita kumi. Ngozi imeongezeka mara mia, lakini tumbo limeongezeka mara elfu. Kila sehemu ya ndani sasa ina ngozi kidogo zaidi ya kuilisha. Mwili ukizidi kukua bila kubadilisha umbo, wa ndani hufa njaa.

Kuna na suala la mwendo. Ndani ya bakteria, chembe za chakula hazina gari. Zinasambaa zenyewe kama sukari isiyokorogwa kwenye chai iliyotulia. Kusambaa mikromita moja huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini umbali ukizidishwa mara mbili, muda huzidi mara nne. Ukifika sentimita moja, chembe hiyo hiyo itahitaji zaidi ya nusu siku. Hakuna kiumbe anayeweza kungoja chakula chake kivuke sebule kwa muda huo.

Basi udogo wa bakteria una faida yake. Mdogo hula haraka, hukua haraka na huzaana haraka. Aina nyingine, zikipata joto na chakula, hugawanyika kila baada ya dakika ishirini hivi. Ndiyo sababu chakula kilicholala bila kupashwa moto huharibika usiku mmoja.

Majitu matatu

Wapo hata hivyo waliovunja sheria hii, na kila mmoja ana hila yake.

Wa kwanza aliripotiwa mwaka wa 1985, ndani ya utumbo wa samaki wa Bahari ya Shamu ambao ni jamaa wa kangaja wanaouzwa kwenye mabanda yetu ya samaki. Alipewa jina Epulopiscium. Urefu wake hufika milimita 0.6, kwa hiyo waliomkuta walikataa kumwita bakteria. Walimweka katika kundi jingine la viumbe. Mwaka wa 1993 jeni zake zilichunguzwa na ikathibitika kwamba ni bakteria kweli. Hila yake ni kuweka nakala za DNA zake kwa maelfu na maelfu, zimepangwa karibu na ngozi, ili kila kona ya mwili iwe na mwongozo wake wa karibu. Na hazai kwa kujigawa katikati kama wenzake wengi. Watoto hukua ndani ya mama kisha wakatoka.

Wa pili ni wa Namibia. Mwaka wa 1997 mwanasayansi Mjerumani, Heide Schulz, alikuwa akichunguza matope ya chini ya bahari huko, akaona vijipira vyeupe vilivyopangana kama mkufu wa lulu. Akaitwa Thiomargarita namibiensis, yaani lulu ya salfa ya Namibia. Mkubwa wao ana milimita 0.75, karibu na ukubwa wa nukta inayofunga sentensi hii. Ukimpasua, karibu mwili wote ni mfuko uliojaa maji yenye nitreti. Sehemu iliyo hai ni utando mwembamba tu unaouzunguka mfuko huo. Anaitumia nitreti kama sisi tunavyotumia oksijeni. Bahari ikichafuka na matope kutibuka, anajaza akiba yake. Bahari ikitulia, anaishi kwa akiba hiyo, kama mzamiaji aliyevuta pumzi nyingi kabla ya kwenda chini.

Wa tatu ndiye huyu wa Guadeloupe, Thiomargarita magnifica. Mwaka wa 2009 mwanabiolojia Olivier Gros wa Chuo Kikuu cha Antilles aliona nyuzi nyeupe zimejishika kwenye majani ya mikoko yaliyozama majini. Mwanzoni hakuna aliyewaza kwamba ni bakteria. Mwenzake Silvina Gonzalez-Rizzo akachunguza jeni, na jibu likaja kwamba ni bakteria. Baadaye Jean-Marie Volland na wenzake huko California walimpitisha kwenye darubini za kila aina, na Juni 2022 matokeo yakachapishwa katika jarida la Science.

Naye ana mfuko, unaochukua karibu robo tatu ya mwili wake, na uhai wake umebanwa pembeni karibu na ngozi. Lakini ana jambo la ajabu zaidi. Tangu zamani, tofauti kubwa kati ya bakteria na seli za wanyama na mimea ilikuwa kwamba DNA ya bakteria huelea tu ndani, bila chumba chake. Huyu ameziweka DNA zake katika vifurushi vyenye utando. Wanasayansi waliviita "pepin", neno la Kifaransa lenye maana ya kokwa ndogo za tunda. Bakteria mmoja mkubwa huweza kuwa na nakala zaidi ya nusu milioni za DNA yake. Kwa hiyo mlango ambao vitabu vilisema umefungwa kabisa, kati ya seli rahisi na seli tata, umekutwa na upenyo.

Tazama kwamba majitu yote matatu yanakiri sheria ile ile ya mahamri. Hakuna hata mmoja aliye mnene kwa ndani. Wawili wamejitoboa wakabaki utando, na mmoja amesambaza miongozo yake ukingoni mwa mwili wote.

Wadogo kabisa

Upande wa pili wa ngazi nao una mwisho wake. Mycoplasma genitalium, anayesababisha maradhi ya zinaa, ana upana wa mikromita 0.2 hadi 0.3 hivi. DNA yake ina herufi 580,000 tu, ilhali ya binadamu ina takriban bilioni tatu. Hata ukuta wa nje ambao bakteria wengi huwa nao yeye hana. Kwa sababu hiyo, dawa za jamii ya penisilini, ambazo huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, hazimfanyi chochote. Hilo nalo ni funzo kwa wale wanaonunua tembe dukani kwa kukisia.

Je, anaweza kuwepo mdogo zaidi? Swali hili lilizua mjadala mkubwa mwaka wa 1996. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, walitangaza kwamba jiwe kutoka sayari ya Mirihi, lililookotwa Antaktika mwaka wa 1984, lilikuwa na alama zinazofanana na mabaki ya bakteria. Alama nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo mno, nyingine chini ya sehemu moja ya kumi ya mikromita. Wanasayansi wakaketi kupiga hesabu. Ili seli iishi yenyewe inahitaji DNA, inahitaji mitambo ya kutengeneza protini, na inahitaji ngozi ya kuvishika vyote hivyo. Mtambo mmoja tu wa protini una upana wa mikromita 0.02 na zaidi. Hesabu ikaonyesha kwamba chini ya mikromita 0.2 hivi, nafasi ya kupanga vyombo hivyo inakwisha. Leo wanasayansi wengi hawalichukulii jiwe lile kuwa ushahidi wa uhai, na ukubwa wa zile alama ni mojawapo ya sababu.

Usidhani lakini kwamba aliye mdogo hivi ni mnyonge. Katika bahari zote za joto, Bahari ya Hindi ikiwemo, anaishi bakteria aitwaye Prochlorococcus, mwenye upana wa mikromita 0.6 hivi. Aligunduliwa miaka ya 1980 tu, ingawa mabaharia wamepita juu yake tangu enzi za majahazi ya kwanza. Yeye hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama jani la mti, na hutoa oksijeni. Ni miongoni mwa viumbe wanaotengeneza sehemu kubwa ya oksijeni inayotoka baharini, na kwa idadi hakuna kiumbe mwingine wa aina hiyo duniani anayemfikia.

Na ukitaka kuona jinsi ncha mbili za ngazi zinavyoshikana, mtazame papa shilingi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wavuvi wetu humkuta katika maji ya Pwani. Anaweza kufika mita 18. Chakula chake kikuu ni vijiumbe vinavyoelea, ambavyo anavichuja kwa mdomo mpana. Vijiumbe hivyo navyo hula vidogo zaidi, mpaka unafika kwa wale wanaokula mwanga wa jua. Mkubwa wa bahari amebebwa na asiyeonekana.

Matope yanayonuka

Turudi sasa kwenye mikoko yetu. Aliyewahi kuingia matopeni maji yakiwa yamekupwa anaijua ile harufu ya yai viza. Wengi huiona kuwa dalili ya uchafu. Sivyo. Matope ya mikoko hayana oksijeni chini ya tabaka la juu, kwa hiyo bakteria wa humo hutumia salfa iliyomo katika maji ya bahari badala ya oksijeni. Taka yao ndiyo ile gesi inayonuka. Gesi hiyo ni sumu kwa wengi, lakini kuna bakteria wengine wanaoila. Majitu ya Namibia na Guadeloupe ni wa kundi hilo, na weupe wao unatokana na chembe za salfa walizohifadhi mwilini.

Ukosefu huo wa oksijeni una faida kubwa kwetu. Majani na mizizi iliyofukiwa huoza polepole sana, kwa hiyo kaboni hukaa ardhini kwa mamia ya miaka. Hiyo ndiyo hazina ambayo wanakijiji wa Gazi, Kwale, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiiuza kama hati za kaboni na kupata fedha za maji na elimu. Mkoko au mchu ukikatwa, na matope yakakauka na kupasuka, oksijeni huingia na kaboni ile huanza kutoka. Aliyekata anahesabu boriti alizopata. Kilichopotea chini ya miguu yake hakihesabu kwa sababu hakioni.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Ukitaka kujua thamani ya kuzilinda, fikiria kwamba bakteria mkubwa kuliko wote anayejulikana duniani alikuwa akining'inia kwenye majani yaliyooza, mahali ambapo watu walipita kila siku, mpaka mwaka wa 2009. Ikachukua miaka 13 mingine kumweleza. Anayesema kwamba matope ya mikoko ni ardhi tupu inayosubiri kujazwa kifusi na kujengwa hoteli anazungumza kuhusu nyumba ambayo hajaingia.

Maji yanayong'aa

Jambo la mwisho ndilo linaloua. Chota kijiko cha chai cha maji ya bahari, mahali ambapo unaona mchanga hadi chini. Ndani yake mna takriban bakteria milioni tano. Walio wengi hawana madhara kwako, lakini maji hayakubadilika rangi hata kidogo. Basi ungwaa wa maji ni ushahidi wa nini?

Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikromita mbili hivi. Sasa fikiria visima vyetu vingi vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na vyoo vya shimo vilivyochimbwa kwenye jiwe hilo hilo, mtaa mmoja. Mchanga mwembamba huchuja kidogo, lakini jiwe la matumbawe lina vitundu na nyufa. Ufa wa milimita moja, ambao wewe unauona mwembamba, kwa bakteria huyo una upana mara 500 ya mwili wake. Ni barabara kuu.

Je, kitambaa kinasaidia? Utafiti uliofanywa na Rita Colwell na wenzake nchini Bangladesh, uliochapishwa mwaka wa 2003, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza visa vya kipindupindu kwa asilimia 48. Lakini elewa kwa nini. Matundu ya kitambaa kile yalikuwa makubwa mara nyingi kuliko bakteria. Kilichonaswa ni vijiumbe vidogo vya majini ambavyo bakteria wengi wa kipindupindu hujishika juu yake. Walionaswa ni waliopanda gari. Waliokuwa wakitembea peke yao walipita. Ndiyo maana iliyobaki ilikuwa zaidi ya nusu ya visa.

Kwa hiyo anayechuja maji kwa leso hafanyi ujinga, ila hajamaliza kazi. Kichujio hutenganisha kwa ukubwa, na tumeshaona kwamba adui huyu ni mdogo kuliko tundu lolote la kitambaa. Moto na klorini havijali ukubwa. Maji yakitokota kwa dakika nzima, au yakitiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa kwa muda ulioelekezwa, bakteria huyo hufa, mkubwa kwa mdogo.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa walimu wetu wa sayansi, naomba somo la bakteria lisiishie kwenye sentensi ile ya kwamba hawaonekani. Wapelekeni watoto ukingoni mwa mikoko maji yakiwa yamekupwa, wanuse yale matope na waambiwe ni nani anayeitoa harufu ile. Kwa serikali za kaunti za Pwani, kibali cha kuchimba choo na kibali cha kuchimba kisima kwenye mtaa mmoja vipitie meza moja, na atakayevitia sahihi ajue jiwe lililo chini ni la aina gani. Na kwako unayesoma haya, kama maji ya leo ni ya kisima, weka sufuria motoni kabla ya kuyapeleka mezani.